Wanikanda au Waniosha?

Mwaka jana, siku chache baada ya Maulidi, niliitwa mtaa wa Mkomani, hapa Lamu, kumkanda bibi mmoja aliyekuwa akisumbuliwa na magoti. Nilimkuta amekaa juu ya kitanda cha kamba, kanga ameifunga kifuani, tasbihi mkononi, miguu ameinyoosha mbele kama mtu anayemsubiri fundi. Nikambusu mkono, nikakaa chini jamvini, nikaanza kutoa vitu vyangu mkobani kimoja kimoja, kwa maringo ya mtu aliyesoma. Chupa ya kahawia nilikuwa nimeichanganya usiku wa kuamkia siku hiyo: rozimari, mkaratusi na matone mawili ya pilipili manga, vyote ndani ya mafuta ya nazi. Daftari langu la kozi lilisema mchanganyiko huo ndio wenyewe kwa viungo vya wazee.

Nikapasha mafuta viganjani, nikaanza na goti la kulia. Dakika nzima hakusema neno. Halafu nikaona pua yake inacheza. Akavuta miguu yote miwili, akaificha ndani ya kanga.

"Mwanangu," akasema, "wanikanda au waniosha?"

Mjukuu wake aliyekuwa kizingitini akaangua kicheko. Mimi jasho lilinitoka. Rozimari, hasa ile niliyokuwa nayo, ina kafuri ndani yake, na kwetu kafuri si harufu ya misuli wala ya wanariadha. Ni harufu ya maji ya mwisho anayooshwa maiti kabla ya sanda. Bibi yule amewaosha wanawake wangapi wa ukoo wake kwa mikono ile ile iliyoshika tasbihi? Nami nimekuja kumpaka harufu hiyo yungali hai, mchana kweupe, na bado namwomba alegeze mwili.

Nilinawa mikono, nikamfuta goti kwa kitambaa cha maji ya moto, nikamkanda na mafuta ya nazi matupu. Aliniruhusu goti moja tu. La pili alisema "litangoja".

Kazi hii naifanya mwaka wa 11 sasa. Nakanda wageni katika nyumba za kupangisha za Shela, na nakanda watu wetu huku mjini, wazazi wa arubaini, wavuvi walioteguka mabega, wanawake waliobeba ndoo maisha yao yote. Kozi niliisoma Mombasa, miezi mitatu, cheti kikatundikwa ukutani. Lakini aliyenifundisha mkono ni khalati yangu, dada yake mama, ambaye amekuwa somo wa maarusi tangu sijazaliwa. Na kwa muda mrefu niliamini kwamba kozi imenipa elimu na khalati amenipa mazoea tu. Siku ya Mkomani ndiyo iliyonifanya nianze kuyaangalia upya mambo haya mawili.

Tuanze na jina la mafuta haya yanayonukia, maana hata jina hatujakubaliana. Watu wa kutafsiri kwa kompyuta huandika "mafuta muhimu", nami hujiuliza kila nikiona: muhimu kuliko ya kupikia? Neno la Kizungu, "essential", limetokana na kiini, kile kinacholifanya waridi liwe waridi lisiwe bamia. Wengine husema mafuta tete, kwa kuwa ni mepesi kuruka hewani, na hilo angalau lina mantiki. Khalati huyaita yote mafuta mazuri, kama wazee walivyoyaita manukato tangu hapo, na kwake ugomvi umekwisha.

Ukitaka kujua yanavyopatikana, nenda jikoni. Funika sufuria ya pilau, subiri, kisha inua mfuniko ghafla. Yale matone yaliyoganda upande wa ndani yana bizari, yana mdalasini, yana iliki. Kiwandani ni hivyo hivyo, ila mfuniko umegeuka bomba. Majani au maua hujazwa ndani ya pipa, mvuke hupita katikati yake, hupasua vile vifuko vidogo vilivyobeba harufu, huichukua na kupanda nayo. Bombani mvuke hupoa ukarudi kuwa maji, na juu ya maji hayo hutanda mafuta kidogo sana. Maji yanayobaki nayo hayatupwi. Marashi tunayowarashia wageni harusini kwa mrashi ni maji ya waridi yaliyopatikana kwa njia hiyo.

Mafuta mengi huelea. Ya karafuu ni mkaidi, yenyewe huzama chini ya maji. Kisiwani Pemba, karibu na Chake Chake, kuna kiwanda kinachotoa mafuta kwenye makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Kwa hiyo hata kile ambacho mtu angekifagia hutoa mafuta yenye nguvu karibu sawa na ya karafuu zenyewe. Visiwani Komoro, hasa Nzwani, wanavukiza maua ya langilangi, na wao hawakamui mara moja wakamaliza. Mafuta ya saa za mwanzo huwekwa peke yake na kuuzwa ghali kwa watengenezaji manukato wa Ufaransa. Yanayofuata hupewa daraja la kwanza, la pili, la tatu, kwa kadiri moto unavyoendelea, na kazi inaweza kuchukua saa 20. Ya mwisho huishia kwenye sabuni. Ndiyo maana chupa mbili zilizoandikwa langilangi zinaweza kunukia kama ndugu wasiosemezana.

Asumini ndiyo haitaki mvuke kabisa. Moto huiua. Wafaransa wa mji wa Grasse walikuwa wakitandaza maua yake juu ya mafuta ya wanyama yaliyopakwa kwenye vioo, kwa sababu waligundua kwamba asumini, hata ikishachumwa, huendelea kutoa harufu kwa saa nyingi kama kwamba bado iko mtini. Mafuta yale yaliinywa harufu taratibu, maua yakachoka, yakaondolewa, yakawekwa mengine. Mwalimu wetu wa Mombasa alituonyesha picha za vioo hivyo, tukastaajabu.

Niliporudi nyumbani likizo nikamsimulia khalati. Alikuwa anasikiliza huku anaunga kikuba, anachomeka rihani katikati ya maua. Akaniambia, "Ndoo huku." Akaniingiza chumbani, akafungua sanduku, akatoa mtungi wa kioo wenye mafuta ya uta, yaani ya ufuta, rangi ya chai hafifu. Akaufungua. Chumba kizima kikawa bustani.

Nimemtazama akiyatengeneza mara kadhaa tangu hapo, na ningependa niandike kabla sijasahau. Maua anachuma jioni, yakiwa bado vichomozo, kabla hayajafunguka, kwa maana asumini hufunguka usiku na ndipo inaponukia zaidi. Hayaoshi. Huyatandaza juu ya kitambaa cha pamba, akayapepea kwa kipepeo cha ukili mpaka unyevu uondoke, kisha huyazamisha kwenye mafuta ya uta, akafunika mdomo wa mtungi kwa kitambaa chepesi, si kwa kizibo. Asubuhi huyatoa yote, moja moja, kwa ncha za vidole, wala hayakamui. Jioni mengine. Usiku saba. "Ua likilala siku mbili ndani ya mafuta lazaa uvundo," husema. Sababu ni maji yaliyomo ndani ya ua, lakini yeye hakuhitaji mtu amwambie kuhusu maji.

Grasse na mtaa wetu wa Langoni, kioo na mtungi, mafuta ya nyama na mafuta ya ufuta. Nilikuwa nimelipa karo ya miezi mitatu kuonyeshwa picha ya kitu kilichokuwa sandukuni kwetu.

Sisemi hivyo kwa kuidharau kozi. Kuna mambo khalati hakuyajua na mimi nisingeyajua. Kwa mfano, kwamba mtu aliyeipa fani hii jina la "aromathérapie", yaani tiba kwa harufu, alikuwa mkemia Mfaransa, René-Maurice Gattefossé, katika kitabu alichokitoa mwaka 1937. Mikono yake iliungua maabara ilipolipuka mwaka 1910. Hadithi tuliyopewa darasani ilikuwa ya Abunuwasi: eti moto ulipomshika alitumbukiza mkono ndani ya chombo cha lavenda kilichokuwa karibu, ukapona pale pale. Yeye mwenyewe alisimulia tofauti kidogo. Vidonda viliingia uozo baadaye, akavisafisha kwa mafuta ya lavenda, uozo ukasimama. Kisa hiki cha pili kinanipendeza zaidi, kwa kuwa kina mtu anayeumwa na anayejaribu, hakina muujiza.

Aliyeyaleta mafuta haya kwenye meza ya kukandia ni mwanamke, Marguerite Maury. Yeye ndiye aliyeshikilia kwamba yazimuliwe ndani ya mafuta ya mbegu na yapakwe kwa mkono, tena akasema kila mtu achanganyiwe yake kufuatana na hali yake. Jambo hilo la mwisho lilikuwemo kwenye daftari langu. Nililiandika kwa mwandiko mzuri, nikalipigia mstari, nikaenda nalo mpaka Mkomani bila kulielewa.

Basi harufu ni mgeni asiyebisha hodi. Kitu unachokiona au kukisikia hupitia kwanza kituo kimoja cha ubongo, ndipo kigawiwe kwingine. Harufu haipiti foleni hiyo. Kutoka puani inaingia karibu moja kwa moja kwenye sehemu zinazoshughulika na hofu, raha na kumbukumbu. Linda Buck na Richard Axel walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa kueleza jinsi pua inavyozitambua harufu. Binadamu ana aina kama 400 za vipokezi kwa kazi hiyo, na kila harufu hugusa kadhaa kwa pamoja, mfano wa vidole juu ya kinanda. Lakini wimbo unaotoka hapo ukumbushe nini, hilo haliko puani. Liko kwenye maisha ya mwenye pua.

Nikakumbuka tena jambo lililonitokea Shela miaka iliyopita, ambalo sikulitilia maanani wakati ule. Mgeni mmoja wa Kijerumani, mzee mpole, aliomba kukandwa mgongo. Nikaona nimpe kitu cha kwetu, nikatia tone la karafuu kwenye mafuta. Kwangu mimi karafuu ni Idi, ni pilau, ni singo ya arusi. Yule bwana mabega yakakaza kama mbao. Nilipomuuliza, akacheka kwa aibu akasema ananusa meno. Kumbe saruji ya kuzibia meno iliyotumiwa na madaktari kwa miongo mingi hutengenezwa kwa yujinoli, ambayo ndiyo kitu kikubwa ndani ya mafuta ya karafuu. Mwenzangu alikuwa amelala juu ya meza yangu, macho amefumba, na ubongo wake umeketi kwenye kiti cha daktari ukisubiri mashine.

Kafuri kwa bibi wa Mkomani, karafuu kwa bwana wa Ujerumani. Na mimi, katikati yao, na jedwali langu linalosema hii huchangamsha, ile hutuliza.

Siku hizi kabla sijafungua chupa nauliza. Siulizi "wapenda harufu gani", maana mtu hujibu kwa adabu tu. Natia tone moja kwenye karatasi nyeupe, nampa anuse, naangalia uso. Karatasi ina faida ya pili. Mafuta halisi ya mvuke, mengi yake, huruka yote na kuacha karatasi safi baada ya muda. Yakiacha doa la grisi kama la sambusa, ujue mwenye duka ameyachanganya na mafuta ya kupikia.

Na wenye maduka wana mambo. Niliwahi kununua mtandaoni chupa ya "waridi safi asilimia mia" kwa shilingi 600. Ilipofika ilinukia peremende. Hesabu yenyewe ingenitosha kunizuia: kupata kilo moja ya mafuta ya waridi huhitajika tani zipatazo nne za maua. Ukimtwika kila punda kilo 80, hao ni punda 50 wamejaa petali, wamefuatana Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, mmoja nyuma ya mwingine, ili utoke na kilo moja. Shilingi 600 haiwezi kumlisha hata punda wa mbele.

Udanganyifu wa bei nausamehe. Nisiousamehe ni wa afya. Kwenye makundi ya simu husambaa ujumbe kwamba mafuta ya ubani hutibu viungo, pumu, hata saratani, na wanaouza hutaja asidi za ubani zilizochunguzwa maabara. Ubani naujua. Umekuja kwetu kutoka Somalia na Arabuni kwa jahazi tangu enzi za mababu, na nyumba yetu haipiti Ijumaa bila chetezo. Zile asidi zimo kweli ndani ya ubani wenyewe, ila ni nzito, haziwezi kupanda na mvuke. Kilichomo ndani ya chupa ni ile sehemu nyepesi inayonukia. Harufu yake inatuliza, nami naitumia, lakini mtu asiache dawa za hospitali kwa ajili ya kitu kilichobaki chini ya pipa.

Sasa nguvu yenyewe. Watu wetu wanapima mafuta kwa mkono, mkono ukijaa ndiyo imetosha. Kwa mafuta ya nazi sawa. Kwa haya, hapana. Kipimo ninachokwenda nacho ni matone 12 ndani ya mililita 30 za mafuta ya kukandia, hiyo ni karibu asilimia mbili, kwa mtu mzima mwenye afya. Kwa wazee, au ngozi laini, matone sita. Karafuu hazizidi matone matatu kwenye kiasi hicho hicho, kwa kuwa huunguza. Mvuvi mmoja jirani yetu alitia mafuta ya karafuu matupu kwenye jino bovu. Maumivu yalipoa kama alivyotaka, na ufizi ukababuka kwa wiki.

Nani wa kumcheka? Mimi mwenyewe nina alama. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilinunua mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa kwenye maganda, yenye harufu ya kukufanya umeze mate. Nikatia matone kumi kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi, nikajipaka mabega na shingo, nikavaa blauzi ya mikono mifupi na mtandio mwepesi, tukaingia mashuani kwenda Manda kumtazama shangazi. Ilikuwa saa sita, jua la kaskazi, tanga halina kivuli. Siku hiyo sikuhisi kitu. Siku ya pili mabega yaliwaka, ya tatu yakatoa malengelenge, na baadaye zikabaki baka za kahawia zilizofuata njia ya vidole vyangu, unaweza kusoma nilivyojipaka. Miezi mitano nilivaa mikono mirefu.

Maganda ya ndimu yana kemikali zinazongojea jua. Zikipigwa na miale yake juu ya ngozi, huiunguza. Mafuta ya ndimu yaliyotolewa kwa mvuke hayana tatizo hilo, kwa sababu kemikali hizo nazo ni nzito, hubaki chini. Tofauti ya chupa hizo mbili ni neno moja kwenye lebo, na mimi neno hilo sikulisoma. Kitabu kilichoandikiwa watu wa nchi za ukungu husema usitoke juani kwa muda wa saa 12 baada ya kujipaka. Lamu, saa 12 bila jua zinaitwa usiku.

Kuna jambo jingine ambalo nalisema kila nikiitwa kwa mzazi. Arubaini kwetu ni wakati wa kukandwa. Mama hukandwa kwa maji ya moto, hupakwa mafuta, tumbo hufungwa mkaja, na mtoto naye hunyooshwa viungo kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa. Mambo mazuri hayo, nami sitaki yaishe. Ila balmu zenye kafuri na mentholi zikae mbali na kichanga, na vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo kabatini visiguse nepi wala mablanketi yake. Pwani yetu, kwa sababu ya malaria ya karne nyingi, watu wengi hurithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Mtoto mwenye upungufu huo damu yake inaweza kuharibika kwa vitu hivyo, akawa manjano, na manjano ya kichanga si ya kungojea kesho. Mama mkwe mmoja alinikasirikia niliposema haya, akasema watoto wake saba walipakwa balmu na wote wako hai. Nikamwambia alhamdulillahi, nikaitoa kopo la balmu chumbani hata hivyo.

Watu huniuliza kama mafuta haya yanafanya kazi kweli au ni mkono tu. Mwaka 1992 watafiti wa Vienna walimkanda mtu mmoja tumboni kwa mafuta yenye lavenda, wakampima damu. Katika dakika 20 hivi vitu vikuu vya lavenda vilikuwa vimefika kilele damuni, na baada ya saa moja na nusu karibu vyote vimetoka. Basi ngozini yanapita, ingawa pua nayo ilikuwa wazi. Lakini kupita si kuponya. Majaribio mengi juu ya wasiwasi na usingizi yamekuwa madogo, na ni vigumu kumficha mtu harufu usimwambie amepakwa nini. Ninachokiona kwa macho yangu ni kwamba mtu aliyekandwa vizuri hupumua tofauti, na kwamba harufu inaweza kuufungulia mkono mlango au kuufunga. Zaidi ya hapo siuzi.

Khalati ana maoni makali kuhusu mafuta ya chini, yale ya kubebea, kuliko kuhusu matone. Nazi, anasema, ni ya mtoto na ya jua kali. Asubuhi za kusi huanza kugandaganda chupani, kwa sababu chini ya nyuzi 25 hivi mafuta ya nazi hukataa kuwa maji. Uta ni wa mifupa. Ni mzito, hushika joto la kiganja, hauchachi upesi. Liwa, yaani msandali, anaisaga mwenyewe juu ya jiwe na marashi, anazungusha kijiti polepole mpaka uji ule mweupe utoke, na bei yake siku hizi humfanya apimie kwa ukucha. Namweleza kwamba msandali wa bara yetu ulikatwa ovyo mpaka serikali ikapiga marufuku uvunaji mwaka 2007, na tangu 2013 biashara yake inadhibitiwa kimataifa. Hujibu kwamba kijiti chake alirithi kwa mama yake, na kwa jinsi anavyokisaga nitakirithi na mimi.

Nilirudi Mkomani mwezi mmoja baadaye. Sikuitwa, nilikwenda mwenyewe baada ya Asri. Mkobani sikuwa na chupa ya kahawia. Nilikuwa na kibakuli cha khalati, kimefungwa kitambaa, na karatasi nyeupe.

Nikachovya ncha ya kidole, nikagusa karatasi, nikampa bibi. Akaileta karibu na pua, akafumba mato. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, hata nikadhani ameanza kusinzia.

"Haya ni ya nani?"

"Ya khalati, bibi. Ameyatia asumini usiku saba."

"Atia kwenye uta?"

"Kwenye uta."

Akaikunja karatasi, akaiingiza ndani ya ukaya, upande wa shavu. Kisha akaanza kunihadithia jinsi walivyomsinga siku za harusi yake, somo wake alikuwa na mikono mikubwa kama ya baharia, na jinsi alivyokatazwa kucheka akacheka hata hivyo. Nilikuwa nishaanza goti la kulia, naye haonyeshi kama amejua. Uta ulikuwa wa vuguvugu. Nje punda alilia, mtu akamtukana, mwadhini akajaribu kipaza sauti mara moja kisha akanyamaza.

Nilipomaliza nikafunika lile goti kwa kanga na kuanza kukusanya vitu vyangu, nikijua la pili lina nadhiri yake.

"Na huu nao," akasema, akaunyoosha mguu wa kushoto.